Mwaka Huu Tusikodi Basi: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Matembezi

Oxford

Bi Mwenyekiti, ndugu Katibu, Mzee wetu Mweka Hazina na wajumbe wote wa kamati,

Tangazo lenu la matembezi ya kiangazi nimelisoma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu hapa Oxford: basi la kukodi, asubuhi kasri la Blenheim, mchana vijiji vya Cotswolds, jioni maduka ya Bicester, na watakaokosa viti wafuate nyuma kwa magari yao. Naandika mapema, kabla Mzee hajatoa arubuni.

Sina ugomvi na kamati. Kuwatoa nyumbani kwa wakati mmoja watu wa Mombasa, Unguja, Kigoma, Bukavu na Kampala ni kazi ya kuombewa dua, nanyi mnaifanya kila mwaka bila malipo. Lakini tuseme ukweli wa mwaka jana. Basi lilikwama kwenye barabara ya mzunguko mpaka watoto wakamaliza maandazi yaliyokuwa ya mchana. Tulipofika kijijini dereva akatutangazia dakika arobaini na tano, kwa kuwa hakuwa na pa kuegesha zaidi ya hapo, na foleni ya choo ikameza nusu yake. Shangazi mmoja aliyekuja kutoka Tanga kwa mahafali ya mwanawe alirudi na picha nyingi za kiti cha mbele.

Ombi langu ni hili: basi la kukodi tuliache, na msafara wa magari tuuache. Twende kwa basi la abiria, kwa treni na kwa miguu, safari fupi kadhaa badala ya moja ndefu. Sisemi hivyo kwa kubana matumizi, ingawa Mzee atafurahi. Nasema hivyo kwa sababu mambo mazuri ya huku yamekaa mahali ambapo basi la kukodi haliingii.

Wapo kati yetu wanaolalamika kwamba mji huu umewakalia kooni wenye magari. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 gari dogo lisilo na kibali hulipa pauni 5 kwa siku likipita kwenye sehemu sita zenye kamera katika saa zilizopangwa, na kwamba mitaa kadhaa ya katikati imekuwa ikitoza magari yanayotoa moshi tangu Februari 2022. Lakini si jambo la jana. Eneo la Redbridge, ambako unaacha gari na kupanda basi kuingia mjini, lilianza kazi mwaka 1973, na Oxford ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo Uingereza kujaribu mpango huo. Kichekesho ni kwamba mji wenyewe ulitajirika kwa magari. William Morris alianza na baiskeli, akafungua gereji Longwall Street, na mwaka 1913 akatoa gari lake la kwanza, Morris Oxford. Kiwanda chake cha Cowley ndicho kilichotoa Morris Minor kuanzia 1948, gari ambalo walimu wakuu na makarani wa enzi za kudai uhuru kwetu waliliosha kila Jumamosi kama farasi wa mashindano. Sasa hapo Cowley zinaundwa Mini. Watu wanaoyajua magari kiasi hicho wakituambia tuyaache nje ya mji, mimi nawasikiliza.

Nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni njia za miguu.

Uingereza na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, na nyingi zinakatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi. Kupita humo si hisani ya mwenye shamba. Ni haki ya kila mtu, raia na mgeni, mwenye viza ya masomo na mwenye viza ya kutembea. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani ya njia zote za namna hiyo, na njia iliyomo kwenye ramani haifi kwa sababu shamba limeuzwa au tajiri mpya hapendi kuona watu. Mkulima akilima juu ya njia inayokatiza shamba lake, ana siku 14 za kuirudisha ionekane na ipitike. Hata fahali wametungiwa kifungu: fahali wa aina za ng'ombe wa maziwa aliyezidi miezi kumi haruhusiwi kuachwa kwenye shamba lenye njia ya umma. Mtu aliyekulia karibu na migogoro ya wakulima na wafugaji ya Kilosa au Laikipia ataisoma sheria hii polepole, mstari kwa mstari.

Haki hiyo haikuja bure. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani Manchester, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Watano walifungwa jela.

Sasa niulize: ni wangapi katika jumuiya yetu wamewahi kuitumia haki hii? Wachache, na sababu tunaijua ingawa hatuisemi kwenye mikutano. Mtu mweusi akiingia shamba la Mzungu peke yake moyo humdunda. Anaona nyumba ya mawe kwa mbali, mbwa anabweka, anageuza kurudi barabarani. Alama zenyewe ni ndogo lakini wazi: kibao kwenye nguzo, au mshale uliopigiliwa kwenye mhimili wa geti. Mshale wa njano, pita kwa miguu. Wa buluu unaruhusu na baiskeli na farasi. Mwenye nyumba akikuona atakuambia kuhusu hali ya hewa, nawe umjibu kuhusu hali ya hewa, mambo yameisha. Tukienda kumi kwa pamoja mara moja, kila mmoja wetu atathubutu kurudi na watoto wake. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya jumuiya kuwa na kamati ya matembezi.

Safari ya kwanza ninayoipendekeza haina hata nauli. Tuanzie Jericho, mtaa wa Walton Street, mbele ya jengo la Oxford University Press. Wazazi wanaokuja kwa mahafali hushangaa kwamba jina waliloliona shuleni kwenye migongo ya vitabu lina lango, bustani na mlinzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitolewa na shirika hili. Kadhalika tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia za Shakespeare, ya kwanza mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, zilitoka kwa jina hilo hilo kupitia matawi yake ya Afrika Mashariki. Ni ajabu kidogo kwamba kila mwaka tunapita hapo kwa basi na hakuna anayesimamishwa ashuke.

Kutoka hapo ni dakika chache hadi Walton Well Road. Unavuka mfereji, unavuka reli, unasukuma geti, na mji unakwisha ghafla. Mbele yako ni Port Meadow, malisho ya ekari zipatazo 300 ambayo hayajawahi kulimwa. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinawataja raia huru wa Oxford wakilisha mifugo yao nje ya ukuta wa mji, na hadi leo wenye haki hiyo wanaachia ng'ombe na farasi hapo. Nimewahi kumpeleka rafiki yangu mmoja kutoka Narok, mtu wa maneno machache. Alisimama akahesabu ng'ombe, akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa watu mbalimbali, ardhi ni ya wote. Akauliza nani anawachunga. Hakuna. Akatikisa kichwa, akakaa chini kwenye nyasi, na ilikuwa shida kumwondoa.

Kiangazi ng'ombe huingia mtoni hadi kwenye magoti, mabata bukini hujaa ufukweni, na vijana wa mji huoga katikati yao. Masika ya huku, au tuseme kipupwe, sehemu kubwa hufunikwa na maji, kwa hiyo mtu asiende Januari na viatu vya kanisani. Tukivuka daraja la Medley tunaikuta njia ya mto Thames upande wa magharibi, njia ambayo huendelea mamia ya kilomita, kuanzia chanzo cha mto hadi London. Sisi tutaifuata hadi Godstow tu, kwa mwendo wa mazungumzo.

Njiani kuna vigeti vya kizimba ambavyo watoto wataviita mchezo: unaingia, unajibanza pembeni, unalivuta geti likupite tumboni, ndipo unatoka upande wa pili. Ng'ombe hawezi hesabu hiyo. Mwenye sufuria la pilau naye itabidi alipitishe kwanza sufuria juu, lipokewe, ndipo apite mwenyewe. Gari la mtoto lililokunjwa linapita; lisilokunjika litaleta maneno.

Katikati ya njia, ukichepuka kidogo, kuna kijiji cha Binsey na kanisa lake dogo la Mtakatifu Margaret. Nje ya kanisa kuna kisima ambacho mahujaji wa zamani walikiendea kuomba uponyaji. Kisha Godstow: kuta zilizobaki za nyumba ya watawa wa kike ya karne ya 12, iliyofungwa mwaka 1539 wakati Mfalme Henry VIII alipokuwa akizifunga nyumba za watawa nchi nzima. Humo alizikwa Rosamund Clifford, hawara wa Mfalme Henry II. Leo hakuna paa wala kiingilio, ni mawe na nyasi, na ndipo hasa pa kutandika mkeka.

Walimu wetu wa watoto watapenda kujua kwamba tarehe 4 Julai 1862 mwalimu wa hisabati wa Christ Church, Charles Dodgson, alipiga makasia na rafiki yake kutoka Folly Bridge hadi hapa Godstow, akiwa na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, na kwa kuwatuliza akaanza kuwabunia hadithi ya msichana aliyetumbukia kwenye shimo la sungura. Kitabu kilitoka 1865 kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll. Kiswahili kilikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ilimgeuza Alice kuwa binti wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mtu mmoja aje nayo kwenye mkoba, awasomee watoto hapo hapo hadithi ilikozaliwa. Kurudi, basi la mjini kutoka Wolvercote litatufikisha katikati kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Safari ya pili ni Blenheim, maana najua hamtakubali ikosekane. Sawa. Lakini twende kwa mlango mwingine.

Tupande treni kutoka Oxford hadi Hanborough, kituo kidogo cha mwendo wa kama dakika kumi. Kutoka hapo tutembee hadi kijiji cha Bladon, ambako Winston Churchill amezikwa kwenye uwanja wa kanisa, pembeni ya wazazi wake. Hakuna kiingilio. Wanaodai kwamba mtu mkubwa hawezi kufika Blenheim bila gari wakumbuke kwamba tarehe 30 Januari 1965 jeneza la Churchill mwenyewe lilitoka kituo cha Waterloo kwa treni ya mvuke na kuteremshwa hapo hapo Hanborough.

Mbele ya kaburi lile hatutakuwa na hisia moja, na kamati isijaribu kutupa moja. Churchill aliijua Afrika Mashariki akiwa kijana. Mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alisafiri kwa reli ya Uganda kutoka Mombasa, akikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni ili aone wanyama vizuri, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Ndiye pia aliyekuwa waziri mkuu Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, na aliendelea kuwa madarakani hadi Aprili 1955, wakati maelfu ya watu wa Mkoa wa Kati walikuwa kambini. Kuna mama mmoja katika jumuiya yetu ambaye babake alipita kwenye kambi hizo. Akitaka kusimama na kusema neno, tumsikilize. Akitaka kupita moja kwa moja, tupite naye. Kwa basi la kukodi jambo hilo lisingewezekana, maana basi lingeegeshwa mbele ya kasri, ambako habari zote ni za ushindi.

Kutoka Bladon hadi Woodstock ni mwendo wa chini ya saa moja kwa mtu asiye na haraka. Kasri lenyewe lilianza kujengwa 1705 kwa ajili ya John Churchill, Mtawala wa Marlborough, zawadi ya kuwashinda Wafaransa katika vita vya Blenheim mwaka uliotangulia. Msanifu wake alikuwa John Vanbrugh, na Winston alizaliwa humo tarehe 30 Novemba 1874. Kiingilio cha mtu mzima kinazidi pauni 30. Kwa familia ya watu watano hiyo ni hela ya kufanya watu wanyamaze. Yafaa kujua mambo mawili. Kwanza, kasri limekuwa likiwapunguzia bei wanaofika kwa basi, treni au baiskeli, kwa hiyo tuhifadhi tiketi zetu za safari na tuulize langoni. Pili, upande wa kaskazini wa eneo lile unakatizwa na njia ya umma inayofuata barabara ya kale ya Warumi, Akeman Street. Asiyetaka kulipa apite kwa mshale, aone miti ya mialoni, kondoo, na Nguzo ya Ushindi kwa mbali, bila kumdai mtu na bila kudaiwa. Waliolipa wapige picha ngazi za ndani, na wote wakutane Woodstock kwenye kituo cha basi.

Hapa niwape wanaopenda historia ya reli jambo la kugombania wakati wa kusubiri. Woodstock ilikuwa na treni yake hadi 1954. Witney ilipoteza treni za abiria 1962, Abingdon 1963, na mwishoni mwa 1967 njia ya moja kwa moja kutoka Oxford hadi Cambridge nayo ikakatwa. Waliokata waliamini kwamba gari litamaliza kila kitu. Miaka hii mabilioni ya pauni yanatumika kuirudisha hiyo ya Cambridge.

Safari ya tatu ni ya jioni, na nimeiweka kwa ajili ya Wakenya, ingawa Waganda nao watadai haki yao. Tuvuke Magdalen Bridge, tupite mashua bapa zinazoendeshwa kwa pondo (vijana wa Pemba, hapa ndipo pa kuwaaibisha wanafunzi wa chuo), tufuate Iffley Road hadi kwenye uwanja wa riadha. Tarehe 6 Mei 1954, jioni yenye upepo, mwanafunzi wa udaktari Roger Bannister alikimbia maili moja hapo kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Wawili walimtangulia kumwekea mwendo, Chris Brasher na Chris Chataway. Juni 2025 Faith Kipyegon alijaribu kule Paris kuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, akamaliza kwa dakika 4 na sekunde 6, karibu kuliko mwanamke yeyote kabla yake. Uwanja wa Iffley Road si wa kutisha kwa ukubwa. Ukisimama kwenye uzio unaona wanafunzi wa kawaida wakizunguka, na ndio uzuri wake.

Mbele zaidi ni kijiji cha Iffley chenye kanisa la mawe la karne ya 12, tao za milango yake zikiwa zimechongwa mistari ya meno ya msumeno na vichwa vya ndege vinavyouma mawe. Teremka hadi kwenye malango ya maji ya mto, kaa uone mashua ikiingia, lango likifungwa, maji yakipanda na mashua ikipanda nayo. Watoto watataka kungoja ya pili na ya tatu. Kisha tufuate ukingo wa mto kurudi Folly Bridge. Tukijipanga vizuri, saa 3:05 usiku tutakuwa chini ya mnara wa Christ Church, wakati kengele ya Great Tom inapogonga mara 101. Inagonga dakika tano baada ya saa tatu kwa sababu Oxford iko magharibi ya Greenwich, na kabla ya treni kulazimisha saa moja nchi nzima, hapa saa tatu ilikuwa ndiyo hiyo. Christ Church hawajaona haja ya kubadilisha.

Cotswolds msiziondoe, ila mchague kijiji kimoja. Treni ya kutoka Oxford inafika Moreton-in-Marsh kwa chini ya saa moja, na Jumanne kuna soko la barabarani ambalo mama zetu wataliona ni la kwao mara moja. Ukishafika hapo, tembea kwa mshale. Kuona vijiji vitatu kwa siku ni kuona maegesho matatu. Na wanaotaka maduka ya Bicester wapande treni wao wenyewe siku yao wenyewe, ni robo saa tu. Kununua viatu si matembezi.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Kubwa ni wazee, na ni pingamizi la haki. Mabasi ya hapa yana sakafu ya chini na ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Njia ya Iffley ni tambarare na ina pa kukaa. Port Meadow yenye tope na vigeti vya kizimba si ya kiti cha magurudumu, na asidanganywe mtu. Kwa Farasi Mweupe wa Uffington, ule mchoro wa chaki wa mita 110 uliokaa mlimani karibu miaka 3,000, usafiri wa umma hautusaidii kitu. Hapo nakubali: tukodi basi dogo, na viti vya kwanza viwe vya wazee na wasiojiweza kutembea.

La pili ni Jumapili. Jumapili mabasi ya vijijini hupungua na mengine hayapo kabisa, kwa hiyo tuende Jumamosi, na Katibu aandike saa ya basi la mwisho juu kabisa ya tangazo. La swala halina tatizo: kiangazi adhuhuri huingia baada ya saa saba na alasiri baada ya saa kumi na moja, muda upo, na nyasi zipo. La chakula tumelizoea. Kila nyumba ibebe chake, na asiyekula cha mwenzake aseme mapema.

Hesabu ziko hivi. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja ya basi haizidi pauni 3 kwenye mabasi yaliyomo kwenye mpango wa serikali. Kwenye treni, kundi la watu watatu hadi tisa wakisafiri pamoja nje ya saa za msongamano hupunguziwa theluthi ya nauli. Kwa hiyo tujigawe makundi ya tisa tisa, kila kundi na mtu mmoja anayeijua ramani. Pesa zitakazobaki zilipie tiketi za Blenheim za watoto wa familia ambazo mwaka huu kazi imekuwa ngumu. Mzee Mweka Hazina anazijua, hapana haja ya kuzitaja kwenye kundi.

Mimi nitaongoza kundi la Hanborough, Jumamosi mtakayoipanga. Tukutane ndani ya kituo cha treni cha Oxford, si nje, saa tatu na nusu asubuhi kamili, na hiyo "kamili" naomba muiandike kwa herufi kubwa. Treni haitamngoja mtu anayesema yuko karibu na bado anaoga. Anayetoka mbali na gari aliache Redbridge apande basi. Viatu viwe vya kuchafuka.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu,
Mwanajumuiya wa Oxford Mashariki